Paa la Mama Mkwe

Shively, tarehe 4 mwezi wa tano, 2025

Kwa mama mkwe wangu mheshimiwa, Mama Elisée, huko Buffalo,

Salamu ziingie kwanza, mimi nitasubiri mlangoni mpaka zimalize. Hapa Shively tu wazima. Alliance ni mzima, tena ni mzima wa watu wawili, habari ambayo najua binti yako amekwisha kukunong'oneza kwa simu, kwa hiyo naomba ujifanye unaisikia kwangu. Daktari anasema mwezi wa kumi.

Nakuandikia barua kwa sababu kwa simu siwezi. Ni miaka sita tangu nimwoe binti yako, na bado nikisikia sauti yako natafuta mahali pa kuweka macho, hata kama uko Buffalo na mimi niko Kentucky. Barua ina heshima yake. Mtu anasema jambo lote bila kumtazama mkwe wake usoni.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka jana ulikuja kumsaidia Alliance, ukalala moteli kando ya barabara kuu, maana kwenu Bashi na kwetu Babembe, mama mkwe halali chini ya paa moja na mume wa binti yake. Hakuna aliyekulaumu. Lakini asubuhi ile mimba ilipotoka, wewe ulikuwa moteli na simu yako imezimika, na Alliance aliita mama yake mpaka akachoka. Ulipofika tulikuwa tumekwisha kurudi kutoka hospitali. Mimi ndiye niliyemsikia akiita, na sijasahau.

Sasa nimekununulia nyumba. Si ya kujengwa, ni kampa, zile nyumba za magurudumu ambazo Wamarekani wazee huvuta nyuma ya gari wakienda kutazama milima. Nimeinunua kwa mzee mmoja tunayefanya naye kazi kiwandani. Mke wake amefariki na yeye hataki tena safari. Ina kitanda, jiko, choo, meza ya kukunja, na mlango wake wenyewe. Nimeiegesha nyuma ya nyumba yetu. Alliance akifungua dirisha la jikoni na kuita, utasikia. Lakini paa la kampa ni la kampa, na paa letu ni letu. Mila inakataza paa moja. Haya ni mapaa mawili. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sijaona kosa.

Sikukodishii wala sikuazimi. Ni kwako. Ufunguo umo ndani ya bahasha hii.

Paa lina kazi kidogo, limezeeka, lakini mikono ninayo.

Mimi mkwe wako,
Zéphyrin

*

Buffalo, 17 mwezi wa tano

Zéphyrin,

Nimepata barua na ufunguo. Mungu asifiwe kwa tumbo la Alliance. Mwambie aache kusimama kutwa nzima kazini kana kwamba anashindana na mtu.

Umempa mama mkwe wako gari. Nimesoma mara mbili nione kama macho yangu ndiyo yenye kosa. Kwetu mwanamke akilala ndani ya gari, watu wanajua amefukuzwa. Rozina, mdogo wangu ninayekaa kwake hapa North Buffalo, amecheka mpaka akaacha wali ukaungua. Mimi nilicheka naye, halafu nikaacha. Wengi wangeniambia, Mama, huku ni Amerika, mambo ya mila uyaache uwanja wa ndege. Alliance mwenyewe ameniambia hivyo. Wewe hukusema. Umetafuta njia ya kupita katikati ya mila na binti yangu, na umeipata. Hilo nimeliweka moyoni.

Lakini nina sharti, na ni moja. Unasema paa lina kazi kidogo. Kijana, mimi nimelala kambini chini ya turubai mpaka watoto wangu wakaota ndevu. Kila mvua nilijua beseni likae wapi, sufuria ikae wapi, na mtoto yupi asukumwe upande upi. Siku niliyopanda ndege kuja huku nilimwambia Mungu: sitaweka tena beseni kando ya kitanda changu. Ni ahadi, na mimi na Mungu hatujavunjiana ahadi bado. Paa likiwa kavu, nitakuja, nitamwogesha mjukuu wangu kwa mikono yangu. Likivuja tone moja, nitabaki Buffalo na kuombea kutoka huku, hata kama moyo utanitoka. Sisemi hivi kukutisha. Najijua tu.

Na hilo neno "kwako" ulipunguze. Tangu tulipokimbia Bukavu nimekaa kwa watu. Kwa watu wa turubai, kisha kwa Elisée kule Columbus, sasa kwa Rozina. Wote wamenitendea mema, lakini neno hilo nimesahau linavyotumika. Andika "mahali pa kulala", inatosha.

Nzigire, mama wa Alliance

*

Linden, Columbus, 8 mwezi wa sita

Shemeji Zéphyrin,

Wewe unafanya kazi usiku, mimi mchana. Tukipigiana simu lazima mmoja awe anakoroma. Basi tuandikiane kama wazee, wake zetu watacheka wenyewe.

Nimesoma habari zako za paa. Kwanza nikwambie ukweli, sijaipenda hiyo kampa. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Watu wa kanisa letu hapa Linden wakiniuliza mama yako amelala wapi, niwajibu amelala nyuma ya uwanja ndani ya kitu chenye magurudumu? Ningemlipia moteli nzuri zaidi, ile yenye chai. Lakini mama amekwisha kukubali, na wewe na mimi tunajua kwamba mama akikubali, mkutano umefungwa.

Sasa paa. Hapo umebisha mlango wa fundi mwenyewe. Jibu ni lami. Usiwasikilize wanaokuuzia vitube vidogo vya gundi, hivyo ni vya kuzibia bafu. Paa la kapela yetu kule Bukavu lilivuja mpaka pasta akahubiri ameshika mwavuli. Nilipanda mimi, nimechemsha lami kwenye pipa, nikayapaka mabati yote mpaka yakawa meusi kama sufuria ya maharage. Halijavuja tena mpaka tumekimbia. Huku lami inauzwa ndani ya ndoo, imekwisha kuiva. Imwage, isambaze kwa ufagio, nene, usiibanie. Ni kazi ya mara moja na maisha yote.

Ukimaliza, piga picha, nimwonyeshe mama kazi ya wanawe.

Shemeji yako,
Elisée

*

Shively, 20 mwezi wa saba

Shemeji Elisée,

Paa limevimba.

Mabati ya kapela yalikuwa chuma. Hili ni mpira, ngozi moja ya mpira iliyogandishwa juu ya mbao nyembamba. Mimi sikujua, na wewe hukujua. Nilipaka nene kama ulivyoniambia, nikashuka, nikasimama uwanjani mikono kiunoni, nikajiona mwanaume. Jua la Kentucky likapiga. Baada ya siku chache ngozi ikaanza kuinuka hapa na pale kama maandazi ndani ya mafuta, na ukiikanyaga inateleza chini ya mguu.

Juzi mvua imekuja. Maji yamepita kando ya tundu la hewa, yakashuka moja kwa moja juu ya godoro. Alliance alikuwa amelitandika zile shuka za bluu alizonunua kwa ajili ya mama yake. Alisimama mlangoni ameshika tumbo, akatazama, kisha akaanza kuzivua shuka. Ningependa angenitukana.

Nilikwenda duka la vifaa na kipande cha ule mpira mfukoni. Muuzaji alikinusa tu akacheka kwa huruma. Mafuta yaliyomo ndani ya lami yanakula mpira wa aina hii, yanaulainisha mpaka unavimba na kuachia mbao. Hakuna kuosha, hakuna kubandika kiraka. Ngozi yote inavuliwa, inavalishwa nyingine.

Sikulaumu. Nakuomba kitu kimoja tu: usimwambie mama. Nitamwambia mwenyewe paa likiwa limepona.

Zéphyrin

*

Buffalo, 3 mwezi wa nane

Zéphyrin,

Elisée amenipigia simu kwa sauti ya mtu anayetoka msibani. Amesema, "Mama, ule mukwe wako amepakala lami juu ya mpira wa paa, toiture yote imekufa." Nikamuuliza nani alimfundisha lami. Simu ikakatika.

Sikukasirika kwa lami. Kosa la kazi ni la mwenye kufanya kazi, na asiyefanya hakosei. Nimekasirika kwa sababu uliomba nifichwe, hilo pia Elisée amelisema. Mwaka jana pia, juu ya mwanangu mwenyewe, mimi nilikuwa wa mwisho kujua. Nilifika mmekwisha kurudi kutoka hospitali, damu imekwisha kuoshwa, na ninyi mnanitazama kama mgeni aliyechelewa harusi. Unafikiri maumivu hayo yanapona kwa sababu mtu amenunua kampa?

Sharti langu unalijua. Nyumba ya wazee ninakofanya kazi wananiuliza kama nataka likizo ya mwezi wa kumi. Nimewaambia sijui bado.

Ufunguo huu hapa, nimeurudisha.

Nzigire

*

Shively, 31 mwezi wa nane

Mama mkwe mheshimiwa,

Ufunguo umefika. Nimeutundika kwenye msumari jikoni, mahali ninapouona nikinywa chai. Umesema kweli yote na sina cha kupunguza. Nilikuficha kwa sababu nilitaka unione nikiwa nimeshinda. Hayo ni majivuno yangu, wala si heshima, na nakuomba radhi.

Basi sasa nitakwambia kila kitu, hata visivyopendeza, ili usiwe wa mwisho.

Lami niliipaka mimi. Mikono iliyoshika ufagio ni yangu, sitaji mtu mwingine. Nimeivua ngozi yote ya zamani. Ilitoka vipande vipande, inanuka kama barabara mpya, na nguo zangu za kazi Alliance amezitupa bila kuniuliza. Chini yake nimekuta ubaya mwingine ambao haukuwa wa lami. Kuzunguka tundu la hewa mbao zilikuwa zimeoza, unasukuma kidole kinaingia. Maji yalikuwa yanapita pale tangu enzi za yule mzee. Yeye hakuyaona kwa sababu yalikuwa yanatembea ndani ya dari kwanza kabla ya kudondoka. Kumbe hata ningepaka kitu kizuri juu, ungelala chini ya uozo. Siku niliyoona hivyo nilikaa kule juu nikaishukuru lami.

Nimekata mbao zilizooza, nimeweka mpya, nimepiga msasa viungo vyote ili kisibaki kitu cha kutoboa mpira. Nimeukunjua mpira mpya juani ulainike. Nikapaka gundi yake, nikaulaza taratibu kutoka katikati kwenda pembeni, nikisukuma hewa kwa rola kama mtu anayesukuma chapati kubwa. Sikutembea juu yake kwa viatu. Nilitembea kwa soksi, nimelaza ubao ili uzito usambae. Jirani alinipiga picha.

Kisha kingo. Hapo ndipo penye siri ya paa, Mama. Katikati hapavuji, panapovuja ni pale kitu kinapotoboa au kinapoishia: tundu la hewa, bomba la choo, antena, kichwa cha kila skrubu, ukingo wa mbele unaopigwa na mvua. Nimeviosha kwa sabuni, nikavifuta kwa spiriti mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nimeweka mkanda wa kuziba juu ya viungo virefu. Kwenye matundu na skrubu nimemwaga ile gundi ya kampa inayotambaa yenyewe na kujaza kila ufa, vile vitube vidogo ambavyo mtu mmoja alivicheka. Pembeni, ambako gundi hiyo ingechuruzika, nimetumia nyingine nzito isiyoshuka. Nimesubiri siku za joto na anga safi, na nimeiacha ikauke bila kuigusa, nikizunguka uwanjani kama kuku mwenye vifaranga.

Naandika haya kwa majivuno, unisamehe. Kiwandani natengeneza vipande vya vitu ambavyo sijui vinakwenda wapi. Hiki najua kinakwenda wapi. Nimekata hata tawi la mti lililokuwa linakwaruza. Na nimeelewa kwamba kazi hii haiishi: kila majira ya kuchipua na kila kabla ya baridi, mtu apande, aoshe, akague kingo, azibe panapoanza kupasuka. Nimejiapia kuifanya.

Sikuombi ukubali. Nakueleza tu hali ya paa.

Zéphyrin

*

Buffalo, 9 mwezi wa tisa

Elisée mwanangu,

Lami ni yako.

Usinipigie simu kunieleza, maana itakatika tena. Mume wa dada yako ameniandikia kurasa na kurasa, hajataja jina lako hata mara moja, na ndivyo nilivyojua. Mubembe aliyekulia mahema ya kambi angetoa wapi akili ya kupaka paa lami kwa ufagio? Ni mtu mmoja tu duniani ninayemjua anayefanya hivyo, na nilimzaa mimi.

Sasa nikwambie jambo la ile kapela, maana umelibeba kifuani kama nishani na umekuwa mkubwa wa kutosha. Lile paa halikuacha kuvuja kwa lami yako. Kila mwaka kabla ya mvua, baba yako alichukua ngazi ya pasta, akapanda wewe ukiwa shuleni, akaziba nyufa za lami moja moja, akashuka, akanawa mikono kwa mafuta ya taa ili usinuse. Nilimuuliza kwa nini hakwambii. Akasema, "Aache ajisifu. Mutoto akijisifu kazi yake, ataipenda kazi." Alifanya hivyo mpaka mwaka tuliokimbia. Hakuna paa la mara moja na maisha yote, Elisée. Kuna paa lenye mtu anayelipanda.

Sikwambii haya kukuaibisha. Ulipanda ukiwa kijana wa miaka kumi na mitano, wanaume wazima wakiwa chini wanashauriana. Baba yako alikufa akijivunia hilo, na mimi najivunia mpaka leo.

Lakini sasa zamu ya ngazi ni yako. Mwezi huu usiishe kabla hujafika Shively. Zéphyrin amwage maji juu ya paa, wewe ukae ndani na macho yako. Ukiniambia ni kavu, nitaamini, kwa sababu nitajua umekaa pale ukitamani kuona tone.

Mama yako

*

Shively, 28 mwezi wa tisa

Mama,

Nakuandikia nikiwa ndani ya hiyo kampa, kwenye meza ya kukunja. Barua yako niliisoma ndani ya gari, mbele ya ghala ninakofanya kazi, na nilichelewa kuingia. Habari ya baba utanisimulia tena kwa mdomo.

Nilikuja jana na ngazi juu ya gari. Zéphyrin hakuuliza kwa nini nimekuja, alinipa soksi safi tu. Tulipanda pamoja. Alinionyesha kila kiungo kwa kidole kama mtu anayetambulisha watoto wake kwa mgeni, na mimi nilitafuta kosa, Mama, nilitafuta kwa bidii. Nimekuta sehemu moja tu nyuma ya antena ambapo gundi ilikuwa nyembamba. Tumeongeza pamoja, tukaacha ikauke mpaka leo alasiri.

Kisha nikaingia ndani na karatasi za chooni. Kazi yangu ilikuwa kuzibandika kwenye kila pembe ya dari na kuzunguka kila tundu, maana karatasi ikilowa inabadilika rangi hata kabla jicho halijaona tone. Zéphyrin akafungua bomba la bustani. Hakuanzia juu. Alianzia chini, kwenye kingo, akipanda polepole, ili kama kuna mahali panapoingiza tujue ni wapi. Maji yalipiga mpaka nikakumbuka kambi. Nilikaa pale na shingo yangu kama twiga, nikigusa karatasi moja moja. Alliance alileta kiti akakaa mlangoni na tumbo lake, akiniuliza kila saa, "Bon, Elisée, unaona nini?" Nikamjibu, "Sioni kitu." Akasema, "Angalia muzuri." Nikaangalia vizuri.

Kavu, Mama. Karatasi zote. Nimezikusanya nimezitia ndani ya bahasha hii uzishike mwenyewe.

Zéphyrin aliposhuka ameloa mpaka mfupa, nilimuuliza kwa nini hakukutajia jina langu. Akasema, "Beau-frère, shemeji yangu, miye mama akinikasirikia, niko mukwe tu, nitaomba musamaha. Weye akikukasirikia, utaenda wapi?" Mimi ndiye niliyekuambia kwamba dada yangu ameolewa na mtu asiye na maneno. Nayaondoa.

Huo ufunguo ulio kati ya karatasi, ameniomba mimi niutume. Anasema ukitoka kwangu hutaurudisha. Tarehe kumi nitakuja Buffalo kukuchukua. Tutalala Linden siku moja, watu wa kanisa wanataka kukuona, na nitawaambia mwenyewe unakwenda kulala wapi.

Mwanao,
Elisée

*

Shively, nyuma ya nyumba, 26 mwezi wa kumi

Zéphyrin,

Barua hii haina stempu. Nitampa Alliance aivushe uwanja. Nakuona kutoka dirishani ukijifanya unakusanya majani, na wewe unaniona, na hakuna anayemsalimu mwenzake. Ndivyo inavyotakiwa.

Nina maneno ambayo hospitali hayakupata nafasi.

Siku ile ya mvua, siku aliyozaliwa mtoto, nilikuwa nimelala kidogo baada ya chakula. Sijui mvua ilianza lini. Kambini tone la kwanza tu lilikuwa linaniamsha, mwili unasimama wenyewe kutafuta vyombo. Hapa mvua ilinyesha, ikazidi, na mimi nimelala. Kilichoniamsha ni sauti ya Alliance dirishani. Aliita mara moja, "Mama." Hakuita mara ya pili, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kufika. Mwaka jana ulisikia alivyoita mpaka akachoka, ukaniandikia kwamba hujasahau. Sasa unaweza kusahau.

Ndani ya gari ulitazama mbele tu, mimi nimekaa nyuma nimegeukia dirisha, kila mtu na heshima yake, mpaka binti yangu katikati ya uchungu akasema, "Nyinyi wawili muko bure kabisa." Nimeamua kumsamehe, alikuwa na sababu.

Mtoto umemwona. Ana masikio yako, hilo halina dawa. Mengine yote ni ya kwetu.

Sasa nikwambie siri. Nilikuja na beseni. Nililitia katikati ya nguo, Elisée asilione, kwa sababu karatasi za chooni ni karatasi za chooni, na mimi nimeishi. Siku ya kwanza nililiweka chini ya kitanda, nikamwambia Mungu anivumilie. Limekaa pale kavu tangu nilipofika. Jana nimelitoa. Nimelijaza maji ya uvuguvugu, nimeliweka juu ya meza yako ya kukunja, na nimemwogesha mjukuu wangu ndani yake. Amelia kidogo, halafu ameyapenda maji. Ahadi yangu na Mungu haijavunjika. Beseni halikuwa kando ya kitanda.

Nimeitazama kazi yako. Nilimwomba jirani ashike ngazi mchana, wewe ukiwa umelala baada ya kazi ya usiku, nikapanda mpaka macho yakafika juu ya paa. Usimwambie Alliance. Nimeona kingo, nimeona kila skrubu ilivyofunikwa. Nimewahi kukaa chini ya mapaa ya watu wenye vyeo, na sijaona mtu aliyeweka moyo wake mahali ambapo hakuna atakayetazama. Baba yake Elisée angekupenda. Mimi najivuna kwamba binti yangu amezaa mtoto wa mtu huyu, na nimewaandikia hivyo wamama wa kwaya Buffalo, kwa maneno haya haya.

Mila yetu inasema nisilale kwako, na sitalala kwako mpaka nife. Lakini haisemi kwamba mkwe hawezi kuja kula kwa mama mkwe wake akialikwa. Kesho Jumatatu mchana nitapika bugali na sombe ya majani ya muhogo, na samaki ambaye Elisée ameleta. Chakula chako nitakiweka kwenye meza ya kukunja, mimi nitakula kwenye kitanda nimegeukia dirisha. Uje na mtoto. Ubishe kwanza, uvue viatu. Na mwezi wa nne nitarudi, nikushikie ngazi ukipanda kukagua.

Rozina amepiga simu asubuhi hii kuuliza naendeleaje. Akasema, "Na mvua zote hizo, dada, unalala wapi?"

Nimemwambia nalala kwangu.

Nzigire